"WATERSHED": MAJI YANAPOGAWANYIKA



Katika barua na mikutano ya ofisi twalisikia mara kwa mara neno la Kiingereza "watershed". Kila waraka mpya huitwa hivyo. Twaona yafaa tulitazame neno hili, kwani sisi tukaao katika uwanda wa juu wa Dodoma tuna asili yake chini ya miguu yetu.

Maana yake ya kwanza ni mgongo wa nchi ugawanyao maji ya mvua. Mvua inyeshayo upande mmoja wa nchi hii huingia Mto Kinyasungwe, kisha Mto Wami, hata Bahari ya Hindi. Inyeshayo upande wa pili hufuata Mto Bubu mpaka kinamasi cha Bahi, na huko hukaushwa na jua, isiione bahari kamwe. Mgongo wenyewe si lazima uwe mlima. Mtu aweza kuuvuka asijue. Ila maji yakiisha kushika njia moja hayahamii ya pili. Ndipo Waingereza wakalitumia neno hilo kwa badiliko lisilorudi nyuma.

Basi na tupime jambo letu wenyewe. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa, wala hatuudharau. Lakini miaka kumi ikapita, hata ishirini, na Wizara nyingi zingali Dar es Salaam. Mtumishi aliyeitwa Dodoma alikuja na sanduku moja, akiwaacha jamaa zake pwani. Maji yalikuwa yakirudi baharini.

Tangu 1996 Bunge lakutana hapa. Mwezi wa Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma. Waziri Mkuu Majaliwa akahamia mwaka ule ule, na mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi. Hapo ndipo mafaili yalipowafuata watu.

Wako watakaosema kuwa pasipo 1973 isingalikuwapo 2016. Ni kweli, wingu hutangulia mvua. Hata hivyo wingu si mto.

Kwa hiyo twashauri neno hili lisitumiwe siku waraka unapotiwa sahihi. Lingoje mpaka ijulikane maji yamekwenda wapi. Na mtumishi asiulizwe, "Umehamishwa lini?" bali aulizwe, "Watoto wako wasoma wapi?"