Hawakubatizwa kwa Kibaba cha Mchele

Liko neno linalosemwa barazani kwetu kwa wepesi mkubwa, na siku hizi limeanza kuandikwa hata na watu wanaojua thamani ya kalamu. Nalo ni hili: kwamba Wakristo wa mwanzo wa kisiwa hiki, wale walioshushwa majahazini na kupelekwa Kiungani, Mbweni na Mkunazini, hawakuwa na sababu ya kuamini ila tumbo. Wao walikuwa na njaa, padri alikuwa na mchele. Wakaupokea mchele, na maji ya kichwani wakayapokea pamoja nao. Hoja ikifika hapo huhesabiwa kuwa imekwisha, na msemaji huagiza kahawa nyingine.

Naikataa hoja hiyo. Mimi ni Mkristo wa hapa hapa, wala sitajitia uhakimu kana kwamba sina upande. Lakini sitaikataa kwa kupambanisha aya na aya, kama ilivyokuwa desturi ya mihadhara iliyovuma miaka ya 1980 na 1990, watu wakipokezana vipaza sauti viwanjani, kila mmoja akitafuta kosa katika kitabu cha mwenziwe. Mwenye kushinda pale alirudi nyumbani na dini ile ile aliyokwenda nayo, na aliyeshindwa kadhalika. Swali langu ni jingine: je, mtu aliyewahi kuuzwa aweza kuwa na sababu ya kuamini iliyo yake mwenyewe? Wanaosema "tumbo" wamekwisha kujibu kwamba hawezi. Aliyemnunua alimnyima utashi katika mwili wake, nao wanamnyima utashi katika roho yake, miaka mia na ushei baada ya kufa kwake.

Kwanza niipe hoja hiyo haki yake. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Unguja, Sultani Majid alimkabidhi askofu watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hakuna aliyewauliza watoto wale wanataka dini gani. Kadhalika, baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliolifunga soko la watumwa, watu waliokombolewa baharini waliletwa katika shamba la Mbweni, ambalo misheni ililinunua mwaka 1871. Walipewa chakula, nguo, jembe na kibanda. Wangefanyaje wasile? Anayetaka kuniambia kwamba ubatizo wa mtoto aliyetoka katika tumbo la jahazi haukuwa uamuzi huru, hatupingani.

Lakini mtoto hukua, na hapo ndipo hoja ya tumbo inapokatika kama kamba iliyooza. Tuitazame Unguja ya Sayyid Barghash ilivyokuwa. Uungwana ulikuwa na lugha yake, vazi lake na dini yake. Aliyetaka kuoa mahali pa heshima, kukaribishwa barazani, kuitwa shughulini na kuzikwa na watu wengi, njia yake ilikuwa Uislamu. Wengi mno katika watumwa na wazao wao waliifuata njia hiyo, nami siwathubutu kusema kwamba waliifuata kwa tumbo. Dini inayohesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ni amali njema ilikuwa na la kuwaambia, nao walisikia. Hata miongoni mwa waliobatizwa Mbweni wako waliotoka wakaingia mjini na kusilimu. Mlango haukuwa na komeo.

Basi wale waliobaki walibakia nini? Manufaa yalikuwa nje ya mlango, si ndani. Kubaki kulikuwa ni kukubali kuwa mgeni maisha yako yote katika mji uliokulea, uwe mtu asiye na ukoo wala mtaa, anayeshukiwa kuwa ni wa Wazungu ilhali Wazungu wenyewe hawamhesabu kuwa mwenzao. Kibaba cha mchele hakitoshi kulipia hayo. Anayetaka kupima imani kwa maslahi na apime mpaka mwisho, asisimame pale mizani inapompendeza.

Tena wako waliopelekwa mbali kabisa na jungu la misheni. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kwenda bara, nao wakakaa Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara waliishambulia Masasi, wakaua, wakateka, na kijiji kikatawanyika. Mtu mwenye kutafuta shibe hashauriwi kwenda kuitafuta huko. Au tumtazame Cecil Majaliwa. Aliuzwa utotoni, akalelewa Kiungani, akawa shemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao wenziwe. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kutiwa ukasisi. Kanisa la Chitangali lilikua mikononi mwake, wala hapakuwa na Mzungu wa kumsimamia kila asubuhi. Angekuwa alibatizwa kwa mchele, alikuwa na miaka na maili za kutosha za kuuacha ubatizo huo njiani.

Tukivuka kwenda pwani ya Mombasa, hoja inazidi kudhoofu. Huko palikuwa na watu ambao hawakupewa misheni na manowari. Walijikomboa wenyewe kwa miguu yao. Watoro waliokimbia mashamba ya pwani walijenga kijiji Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, na dini waliipokea zaidi kwa Waafrika wenzao kuliko kwa kasisi yeyote wa Kizungu. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia Rabai, na hapa msomaji asikilize vizuri: wakuu wa misheni walikuwa wamewaahidi wenye watumwa kwamba hawatapokea watoro, na wako waliorudishwa. Aliyekuwa Rabai na kuwaachia mlango wazi ni William Jones, ambaye yeye mwenyewe alipata kuwa mtumwa, akakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Tarehe 1 Januari 1889, ilipobidi mambo yamalizwe kwa fedha na hati za uhuru kutolewa, watoro waliohesabiwa katika vituo vya misheni walizidi 1,400. Hao walimkimbilia Mungu ambaye wawakilishi wake walikuwa radhi kuwarudisha kwa mabwana zao. Ni mchele gani huo?

Hapa sharti niwageukie na wa upande wangu, kwa kuwa dharau hii ina ndugu yake, na huyo anakaa kanisani. Katika kila jubilei husomwa risala kwamba wamisionari walileta nuru, nasi tuliokuwa gizani tukaipokea. Mgeni akifika Mkunazini huonyeshwa altare, akaambiwa imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Huonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Huonyeshwa kaburi la Steere nyuma ya altare. Kisha hutoka nje, akapiga picha sanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Waingereza wana majina na makaburi. Watano wale hawana jina. Wa barazani asema walinunuliwa kwa mchele, na wa kanisani asema walitunukiwa nuru. Kote kuwili wao ni vyombo vilivyomiminiwa kitu, na hakuna aliyewauliza walifikiri nini.

Nao walifikiri. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho *Kiungani*, cha visa vilivyoandikwa na wavulana wa skuli ile kuhusu maisha yao: vita vilivyowatoa kwao, mikono iliyowauza, njia ya kuja pwani. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Vijana waliojifunza Kiswahili kwa taabu kiasi kile, wakakitumia kusimulia jambo zito kuliko yote yaliyowapata, sisi twawasoma kwa lugha ya mfasiri wao! Nasema hili kama mtu wa kazi hiyo: lipo deni la kuwarudishia kinywa chao, na wanaoandika makala juu ya mchele wangelilipa kwanza.

Ama kuhusu sababu zenyewe, mimi naziona katika maneno. Walichopewa kusikia kilikuwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hakikutoka London. Steere mwenyewe aliandika kwamba Sheikh Abdulaziz, ndiye Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na mmoja wa maulamaa wakubwa wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho fasaha. Mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejadiliana na mapadri bila ya kuwaogopa, aliwapa kalamu yake. (Linganisha na vile vipaza sauti.) Imani, toba, neema, rehema, malaika, injili: hazina hii yote ilikuwa imekwisha kusuguliwa na ndimi za Waislamu karne nyingi kabla ya padri kuishika. Biblia nzima ilipotoka mwaka 1891, ilitoka ikiwa imevaa kanzu. Na Mathias Mnyampala alipoitunga Injili kwa utenzi, ukachapwa mwaka 1963, aliitia katika bahari ile ile iliyobeba sifa za Mtume Muhammad na visa vya masahaba. Kwa hiyo anayesema imani hii ni kitu cha kigeni kilichobandikwa juu ya watu wa pwani, amepita juu ya lugha yake mwenyewe bila kuiona.

Sasa mweke mtu aliyeuzwa mbele ya maneno hayo. Sisi tukisikia "Mkombozi" twasikia jina la heshima. Yeye alisikia neno la sokoni. Kukomboa ni kutoa kitu rehani; ni kulipa ili aliyeshikwa aachiwe. Fidia ni fedha ya mateka. Maneno haya yalikuwa na bei, na bei hiyo alipata kuiona ikihesabiwa, akijua ni yake. Kisha akasomewa kwamba Bwana huyu anayehubiriwa alitajwa bei naye, akauzwa na mtu aliyekula naye sahani moja, kwa vipande 30 vya fedha. Na akiendelea kujifunza hukuta katika Kutoka, sura ya 21, kwamba vipande 30 ndiyo malipo ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Bei ya mtumwa! Huhitaji padri akufafanulie hapo, ukiwa ulipata kusimamishwa ukakaguliwa meno.

Na msalaba? Kwa Warumi ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi, mauti ambayo muungwana wa Kirumi hakustahili hata kuyataja mezani. Dini nyingi zamwambia mtumwa kwamba Mungu atamhurumia. Hii ilimwambia kwamba Mungu alikuwa yeye: alifungwa, akavuliwa nguo mbele ya watu, akapigwa, akafa kifo kilichotengwa kwa watu wa namna yake. Ndugu zangu Waislamu wana sababu zao nzito za kulikataa hilo, nami nazijua, wala sikuandika haya kuwashawishi. Ninachosema ni kwamba hiyo ni sababu. Ni sababu ya akili na ya moyo, na mtu aliyepitia soko la Mkunazini aliweza kuifahamu upesi kuliko mwanafunzi wa Oxford aliyemletea. Huyo mwanafunzi alikuwa akisoma habari za watu wengine.

Kiswahili kilimwongezea jambo ambalo Kiingereza hakina. Mtume na mtumwa ni watoto wa tendo moja, kutuma. Mmoja ametumwa kwa heshima na mwingine hutumwa bila ya kuulizwa, na kilichowatenga ni irabu na silabi. Katika tafsiri ya zamani, Paulo anapojitambulisha kwa Warumi hujiita mtumwa kwanza, na mtume baadaye. Wafilipi nao huambiwa kwamba Kristo mwenyewe alijitwalia hali ya mtumwa. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa mwaka 1864, alitiwa ushemasi baadaye na kutumwa kuhubiri. Nikifikiri jinsi alivyoyatamka maneno hayo mawili yakiwa karibu karibu, mbele ya watu waliojua alitoka wapi, siulizi tena kwa nini aliamini.

Tafsiri za karibuni, mahali pengi, zimemwondoa mtumwa huyo na kumweka "mtumishi". Naambiwa ni kwa adabu, kwamba neno la zamani linaumiza masikio ya siku hizi. Mtumishi hulipwa mshahara, huenda likizo, akichoka huacha kazi. Hakuna aliyemuuza mtumishi kwa vipande 30. Waliolipokea neno lile Mbweni walikuwa na haki kuliko sisi ya kuomba liondolewe, na wao ndio waliolisoma kwa sauti, Jumapili baada ya Jumapili, katika kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa pale mwaka 1882. Wenye kuandaa matoleo yajayo nawaomba walirudishe mahali pake.