Fundi, pima kwanza!

Wadau, CG125 yangu ya zamani kiki imelegea kama pedeli ya baiskeli, asubuhi haiwaki. Fundi wa mtaani kaisikiliza sekunde mbili: "Ringi zimekwisha, lete hela." Tayari kashika spana! Nikagoma. Fundi asiye na geji anabahatisha kwa pesa yako, basi.

Toa plagi, funga geji ya kompresheni, fungua eksileta yote, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda, pima upya. Ukipanda sana, ringi au silinda vimelika. Usipopanda, shuku valvu, au gasketi ya kichwa.

Wangu haukupanda. Valvu ya egzosti ilikazwa mno, haifungi vizuri. Tukairekebisha injini ikiwa baridi, kiki ikawa nzito tena. Fundi kanuna, eti nimemharibia siku.