Upepo Kwanza, Hema Baadaye

Eti hema la kujifichia la mwindaji wa upinde huchaguliwa kwa rangi na bei, kama mwandishi mmoja anavyodai? Nakataa. Sisi wa Makadara hatuwindi, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaijua kazi hii. Kiangazi, maji yakibaki madimbwi machache, hujificha karibu nayo nyuma ya mawe au matawi, wakamvizia mnyama usiku. Kinachowaongoza ni upepo usiompelekea mnyama harufu yao, na umbali ambao mshale utafika. Hema ghali likikaa upande mbaya, swala atakunusa mapema. Na ukivuta upote umeketi, kiwiko kikagonga turubai, je? Hilo mwandishi huyo hakuligusa kabisa.