PICHA IONEKANE KABLA YA KISU



Mgonjwa wa Chwele akivunjika paja, mara nyingi hupandishwa gari kwenda Bungoma au Kitale. Zamani alikwenda na bahasha kubwa ya kaki yenye filamu ya eksirei, na huko thieta sista aliitundika kwenye sanduku la taa ukutani. Kila aliyekuwamo aliiona, hata mfagiaji. Siku hizi picha imo ndani ya kompyuta ya chumba cha eksirei, na daktari yumo thieta, amekwisha vaa glavu, haruhusiwi kugusa kitu. Basi picha itamfikiaje?

Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kukodi mitambo kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za taifa, na eksirei za kidijitali zikaenea. Hatukuzikataa wala hatuzikatai leo. Lakini kuleta mashine ni jambo moja, na kuifikisha picha mbele ya mkono unaopasua ni jambo jingine.

Wanachama wetu wa thieta moja, ambayo hatutaitaja, wametueleza wanavyofanya. Mmoja hukimbia chumba cha eksirei, hupiga picha ya skrini kwa simu yake mwenyewe, kisha husimama kando ya meza akimwinulia daktari simu hiyo. Simu ya kiganja! Picha yenyewe ya kidijitali hubeba jina la mgonjwa, namba yake, tarehe, na alama ya kulia au kushoto. Tena yaweza kukuzwa na kurekebishwa mwanga. Picha ya simu aghalabu hukata pembeni, na pembeni ndiko liliko jina na alama ya upande. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari za afya zilindwe kwa uangalifu wa pekee. Simu ikiibwa sokoni Chwele, nani ataitwa ofisini?

Tunajua lawama hushukia wapi. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa mmoja alifunguliwa fuvu badala ya mwenziwe, na damu iliyoganda waliyoitafuta haikuonekana. Vitambulisho vilikuwa vimechanganywa. Daktari, wauguzi wawili na mtoa dawa ya usingizi walisimamishwa kazi. Baadaye mkuu wa hospitali naye akapewa likizo ya lazima. Hatusemi skrini ingalizuia kosa lile, maana jina likikosewa, hata picha itakayoletwa ni ya mtu mwingine. Tunasema walio karibu na meza ndio huulizwa kwanza, hata vifaa vikiwa haba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya kusomwa kwa sauti katika thieta. Mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, na je, picha zinazohitajika zimewekwa zionekane? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia, moja ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Kwa zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8. Muuguzi wetu anayesimama na simu mkononi atajibu nini akifika swali la picha?

Twataka skrini ukutani katika kila thieta, yenye mwanga wa kushindana na taa za mle ndani, iliyounganishwa na kompyuta ya eksirei, na umeme wa akiba. Twataka pia mtu aliyefundishwa kuiendesha, aandikwe na alipwe kwa kazi hiyo. Asiwe sista yule yule anayehesabu vitambaa na sindano. Tutaambiwa fedha hakuna. Gharama ya skrini na waya ni ndogo kando ya gharama ya mashine iliyokwisha letwa.

Mpaka hapo, masanduku ya taa yasing'olewe, na filamu zichapishwe kwa kila operesheni inayohitaji picha.

Makatibu wa matawi ya Bungoma, Webuye na Kitale waandike kwa kila thieta: skrini ipo au haipo, inawaka au haiwaki, na simu ya nani inatumika. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Karatasi zifike ofisini kabla hatujakutana na waajiri.