Kabla ya Kupanda Kiriri, Tuanzie Buyenzi

Tukitoka Kobero na watoto kwenda Bujumbura, wengi wetu hukimbilia vilima vya Kiriri na Vugizo. Tunatazama Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo, tunapiga picha, tunarudi. Uzuri ule ni neema ya Allah, lakini hautoshi.

Kwa maoni yangu, tuanzie Buyenzi. Tuswali Adhuhuri pale, watoto wawasikilize wazee. Waislamu wa mtaa ule walikuwa bega kwa bega na Rwagasore kudai uhuru, kabla hajauawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kisha tupande Vugizo kwenye kaburi lake. Mtoto akiambiwa shuleni kwamba Waswahili ni wageni Burundi, atakuwa na jibu. Wabillahi tawfiq.