Orodha ya Pointi Haichagui Kikosi

Imeenea katika bonde la Kilombero, tangu vibanda umiza vya Kidatu na Ruaha hata Mang'ula na Ifakara, itikadi moja ambayo vijana wengi wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo wa kuunda kikosi cha kubuni na kuvuna pointi kwa yale wachezaji wanayoyatenda uwanjani, wameipokea bila ya kuidai ithibati, nayo ni kwamba hesabu haisemi uongo, na kwa hiyo mwenye orodha ya wachezaji waliopangwa kwa pointi za msimu uliopita, akiisoma kutoka juu kwenda chini, amekwisha jiandaa. Naipinga itikadi hiyo kwa nguvu zangu zote, si kwa kuidharau hesabu, bali kwa kuiheshimu, maana ni msiba kuona elimu yenye thamani ikigeuzwa taklidi.

Orodha ni shahidi, na shahidi hujibu lile tu aliloulizwa. Kwa miaka mingi mchezo wa Fantasy Premier League, ulioanza msimu wa 2002/03, ulimlipa mshambuliaji pointi 4 kwa bao, kiungo 5 na beki 6, ukawalipa makipa na mabeki pointi 4 lango lao lisipofungwa, wala haukuwa na fungu mahsusi la kiungo anayeshinda dakika 90 akinyang'anya mipira. N'Golo Kanté alitwaa ubingwa na Leicester City mwaka 2016, akautwaa tena na Chelsea mwaka 2017, na wachezaji wenzake wakamchagua kuwa mchezaji bora wa msimu ule wa pili. Lakini kwa orodha ya fantasi alikuwa mbali na kilele. Kisha msimu wa 2025/26 sharia ikageuzwa, na beki anayefikisha mara 10 za kunyang'anya, kukata, kuzuia na kuondosha mipira akapewa pointi 2, na kiungo au mshambuliaji akapewa hizo hizo akifikisha 12, pamoja na mipira aliyoirejesha kwa timu yake. Basi aliyeingia msimu huo akiitegemea jumla ya mwaka wa nyuma alikuwa ameshika hukumu iliyokatwa kwa sharia nyingine. Mkulima wa miwa wa Kidatu hana haja ya kufundishwa haya, kwani anajua kuwa tani zilizosomwa mizanini ni sehemu tu ya habari, na kwamba sukari iliyomo, ambayo hupungua miwa iliyochomwa ikichelewa kufika kiwandani, nayo ina neno katika malipo yake.

Tena pointi za mchezaji si mali yake peke yake. Mbwana Samatta, fahari yetu sote, aliisaidia Genk kutwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na Novemba ya mwaka huo akaifunga Liverpool pale Anfield; hivyo alipohamia Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwa na hesabu nyuma yake. Alifunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, na bao lile likawa la pekee kwake katika mechi 14 za ligi. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mabao ya Genk yalizaliwa katika timu ya mabingwa iliyomlisha mipira, ilhali Villa ilikuwa ikipigania roho yake na ikamaliza ya 17. Na kinyume chake pia ni kweli: msimu wa 2015/16 ulipoanza, Riyad Mahrez aliuzwa katika fantasi kwa milioni 5.5 tu, kwa kuwa mwaka uliotangulia haukumsemea mengi, naye akamaliza na pointi 240, akawapita wote.

Najua nitaambiwa: ukiikataa orodha, tutachagua kwa mapenzi? La hasha. Anayemchukua mchezaji kwa ushabiki wa jezi yake amepotea zaidi. Nataka kijana aiulize hesabu maswali yaliyo bora: mchezaji huyu alianza mechi ngapi, ni nani apigaye penalti katika timu yake, mashuti yake hutoka ndani ya eneo la hatari au nje, na kocha aliyempanga bado yupo au amefukuzwa?

Lakini upotofu wa itikadi hii huonekana bayana zaidi katika uteuzi wa zamu, namna ya mchezo iliyoingizwa mwaka 2017, ambamo marafiki huchagua wachezaji kwa zamu, na mchezaji mmoja humilikiwa na mtu mmoja tu katika kundi. Wapenzi wa besiboli wa Marekani, walioipa fantasi umbo lake New York mwaka 1980 chini ya mwandishi Daniel Okrent, walinunua wachezaji wao kwa mnada, na kila mnada humfundisha mtu kutazama kilicho adimu kabla ya kutazama kilicho kikubwa. Sisi somo hilo hatujalishika. Chukua marafiki 8, kila mmoja akihitaji makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Washambuliaji 24 watachukuliwa, na klabu ni 20, nyingi zikianzisha mshambuliaji mmoja, tena wengi wa wafungaji wa pembeni huandikwa kuwa viungo, kama alivyoandikwa Mohamed Salah msimu wa 2017/18 alipofunga mabao 32 na kukusanya pointi 303. Kwa hiyo wapo watakaobakiwa na watu wa benchi. Makipa watachukuliwa 16, lakini kila wiki ni mmoja tu katika wawili wako anayehesabiwa, na mwenye kukosa wa kwanza hupata wa saba bila ya hasara kubwa. Anayestahili kutangulizwa, basi, si mwenye jumla kubwa kuliko wote, bali yule anayemzidi mno mtu utakayebakiwa naye katika nafasi ile ile ukimkosa.

Aliyepangiwa zamu ya 8 huchagua pia ya 9, kwa kuwa safu hugeuka kila mzunguko, kisha hungoja mpaka ya 24 na ya 25. Katika chaguzi 14 zitakazopita mikononi mwa wenziwe, ni washambuliaji wangapi watakaokuwa wamekwisha, na ni mabeki wangapi wazuri watakaokuwa wangalipo? Hilo ndilo swali la kukesha nalo kabla ya Agosti, wala hakuna jumla ya pointi za mwaka jana inayoweza kulijibu.