Enaji na moyo: Hesabu ambayo bodaboda wa Bariadi asiikwepe

Msimu wa pamba ukifika, Simiyu hailali. Malori yanapakia mpaka usiku, viwanda vya kuchambua pamba vinakimbizana na muda, na bodaboda wanaongeza mizunguko. Vibandani, kuanzia Maswa, Bariadi hadi Lamadi, kuna kinywaji kinachouzika haraka: enaji. Bei yake ni chini ya sahani ya wali maharage, na dukani hakuna anayekuuliza umri.

Swali la vijiweni ni lile lile: hivi vitu vinaua moyo kweli, au ni maneno tu?

Jibu fupi: kwa mtu mzima mwenye afya, chupa moja siyo sumu. Tatizo ni idadi, kasi ya kunywa, kinachochanganywa nacho, na moyo ambao mwenyewe hajawahi kuupima.

Siyo nguvu, ni mkopo

Kafeini iliyomo ndani haikupi nguvu mpya. Inazuia ile kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Uchovu upo pale pale, ila wewe huusikii. Wakati huo huo mwili unamwaga adrenalini, moyo unakaza mwendo na presha inapanda.

Kafeini pia haitoki mwilini haraka. Kwa watu wengi, nusu yake inabaki baada ya muda wa kama saa 5. Ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu bado unayo. Unalala vibaya, asubuhi unaamka mchovu, unafungua nyingine. Hapo mkopo unaanza kuzaa riba.

Piga hesabu yako

Enaji nyingi zina takriban miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Chupa au kopo la mililita 250 lina kama miligramu 80. La mililita 500 lina kama 160.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa mwongozo mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mkupuo, wala 400 kwa siku. Maana yake, chupa ndogo tatu za fasta fasta tayari umevuka. Kwa siku nzima, chupa tano ndogo ndiyo mwisho, na hapo hujahesabu chai, kahawa wala kola.

Kwa mtoto, kiwango ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mwanafunzi wa kilo 40 asizidishe miligramu 120. Chupa moja na nusu tu imemaliza.

Halafu kuna sukari. Kopo la kawaida la mililita 250 la Red Bull lina gramu 27, karibu vijiko saba vya chai.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2019, watafiti Marekani waliwapa vijana 34 wenye afya karibu lita moja ya enaji ndani ya saa moja. Presha ilipanda kwa kama pointi 4 hadi 5. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo unachelewa kujipanga kabla ya pigo linalofuata, na hali hiyo ilikuwepo hata baada ya muda wa saa 4. Kuchelewa huko kukizidi, mapigo yanaweza kuvurugika.

Mwaka 2024, hospitali ya Mayo Clinic ilichunguza watu 144 wenye magonjwa ya moyo ya kurithi, ambao mioyo yao iliwahi kusimama ghafla wakaokolewa. Saba kati yao walikuwa wamekunywa enaji karibu na tukio. Watafiti hawakusema enaji ndiyo muuaji pekee. Baadhi yao walikuwa pia hawajalala au wamepungukiwa maji mwilini.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kukosa usingizi, jua kali, tumbo tupu: hiyo ndiyo siku ya kawaida ya dereva au mbeba marobota wa pamba.

Hatari iko kwa asiyejijua

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba Tanzania, karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Wapo pia vijana ambao valvu za moyo ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Kwa nje wanaonekana wazima kabisa.

Kuchanganya enaji na pombe kali ni balaa jingine. Enaji inaficha ulevi, haiuondoi. Unajiona uko fiti, unapanda pikipiki, kumbe mikono imeshachelewa.

Lawama zisiishie kwa kijana

Ni rahisi kumwambia bodaboda aache. Lakini mwenye pikipiki ya mkataba lazima apeleke hesabu ya siku, alale asilale. Kwa hiyo ujumbe wa "kunywa maji" peke yake hautatosha.

Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia enaji walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Poland ikafuata Januari 2024. Hapa kwetu, hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo zaidi: enaji zisiuzwe karibu na shule, kiwango cha kafeini kiandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapeleke mashine za presha vijiweni na kwenye vituo vya kununulia pamba. Kipimo chenyewe hakizidi dakika chache.

Ukiona hivi, usisubiri

Kifua kubana, moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, mapigo kurukaruka, kizunguzungu au kuzimia: acha kuendesha, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mwambie daktari umekunywa chupa ngapi, na umechanganya na nini. Usimfiche.

Wajawazito, watoto na wenye presha au tatizo la moyo, enaji siyo yenu. Wengine, kabla ya chupa ya kesho, jiulize: presha yangu ni ngapi? Kama hujui, anzia hapo.